Usiniombe dawa kali zaidi: kwa nini ugonjwa wa kiwele unarudi, na kwa nini mnadani siyo jibu



Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu saa kumi na moja alfajiri. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa akikupigia saa hiyo, unajua kabla hujapokea kwamba yuko bandani na ndoo mkononi. "Daktari, mabonge yamerudi." Ni mama mmoja wa kata yangu, mjane, ana ng'ombe wawili wa kisasa, na ada ya watoto inatoka kwenye viwele hivyo hivyo. Ng'ombe mkubwa alikuwa ameshatibiwa chuchu ya nyuma kushoto mara tatu tangu azae. Kila mara tyubu zinaingia, maziwa yanasafika, tunamshukuru Mungu, halafu baada ya wiki tatu nne mabonge hayo yanarudi. Safari hii akaniomba kitu ambacho naombwa karibu kila wiki: "Nipe dawa kali zaidi mwanangu, hata kama ni ghali."

Sikumpa. Nimeandika haya ili nieleze kwa nini, maana nadhani hatujawahi kuelezana vizuri. Tunasema tu "dawa imegoma" au "vijidudu vimekuwa sugu", kisha tunakimbilia duka la dawa za mifugo. Kumbe mdudu huyu alishajifunza kuvumilia sumu kabla tyubu yako haijafika. Sumu hiyo inatengenezwa na ng'ombe mwenyewe.

Askari wa ng'ombe na sumu yao

Mdudu akipenya kwenye tundu la chuchu, kiwele hakikai kimya. Kinapiga mbiu, na chembe nyeupe za damu zinazoitwa nutrofili zinatoka kwenye damu kwa mamilioni na kuingia kwenye maziwa. Yale mabonge unayoyaona ni maziwa yaliyoganda pamoja na maiti za askari hao. Na ule mnato kwenye kibao cha vikombe vinne tunapopima kwa CMT unatokana na askari hao hao. Dawa ya kupimia ni aina ya sabuni. Inapasua chembe nyeupe, vinasaba vyake vinamwagika, na maziwa yanavutika kama mlenda. Kwa hiyo mnato ukiwa mwingi, hujawaona wadudu, umewaona askari. Vita ipo.

Sasa askari huyu anauaje? Anammeza mdudu, anamfungia ndani ya kifuko, kisha anammwagia kemikali. Anachukua oksijeni ya kawaida na kuigeuza kuwa oksijeni kali yenye kuunguza. Hiyo inageuka haidrojeni peroksaidi, ile ile ambayo hospitalini walikuwa wanakuoshea kidonda na inatoa povu. Halafu peroksaidi hiyo inachanganywa na kloridi, sehemu ya chumvi iliyo mwilini, na kuwa asidi ya klorini ya jamii moja na dawa ya kutakatisha nguo nyeupe. Yaani ng'ombe wako, akiwa anacheua majani hapo bandani, anatengeneza dawa ya madoa ndani ya kiwele chake na kummwagia adui. Wadudu wengi hawatoki hapo.

Mmoja wapo anatoka.

Stafilo na ngao zake

Jina lake kamili ni Staphylococcus aureus. Mimi nitamwita stafilo. Neno la pili ni Kilatini, maana yake dhahabu, kwa sababu ukimwotesha maabara makundi yake yana rangi ya manjano ya dhahabu. Daktari Mjerumani Rosenbach alimpa jina hilo mwaka 1884, na kwa zaidi ya miaka mia moja rangi ile ilichukuliwa kama alama tu ya kumtambua. Kisha mwaka 2005 watafiti wa San Diego, Marekani, walilinganisha stafilo mwenye rangi na yule aliyeondolewa rangi. Asiye na rangi aliuawa kwa urahisi zaidi na zile kemikali za chembe nyeupe. Kumbe dhahabu ile ni koti! Ni ya jamii moja na rangi ya karoti, na inafyonza ukali wa sumu kabla haijafika ndani.

Koti siyo silaha yake pekee. Anacho kimeng'enya kiitwacho katalesi, kinachovunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Sumu inageuka maji. Maabara wanatumia tabia hiyo hiyo kumtambua: wanaweka tone la peroksaidi juu ya wadudu waliooteshwa. Wakitoa povu, huenda ni jamii ya stafilo. Wasipotoa, huenda ni jamii ya streptokokasi, ambao nao huleta ugonjwa wa kiwele lakini hawana katalesi.

Ana vimeng'enya vingine vya kuzima ile oksijeni kali. Ukuta wake ameubadilisha kidogo, ili kimeng'enya cha mwili kinachokata kuta za bakteria kisipate pa kushika. Tena hangoji kupigwa tu. Anatoa sumu yake mwenyewe inayotoboa matundu kwenye chembe nyeupe, askari anakufa na mdudu anatoka akiwa hai. Na akipata nafasi anajificha ndani kabisa ya kiwele, kwenye vijipu vidogo vinavyozungukwa na kovu. Ukikibonyeza kiwele cha ng'ombe wa siku nyingi na ukagusa vinundu vigumu, hapo ndipo makao yake.

Tusimkuze kupita kiasi. Askari wanaua stafilo wengi sana kila siku, la sivyo ng'ombe wote wangekuwa wamekwisha. Shida ni wale wachache wanaobaki.

Tyubu inashindwa wapi

Dawa nyingi tunazotia kwenye chuchu ni za jamii ya penisilini. Penisilini inamuua bakteria wakati anajenga ukuta wake ili akue na kugawanyika. Bakteria aliyetulia, asiyejenga kitu, haimpati vizuri. Na nani anatulia? Ni yule aliyemezwa, akapigwa kemikali, akaponea chupuchupu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walionyesha jambo hili kwa panya: zile kemikali za oksijeni zilizokusudiwa kumuua stafilo zinamfanya yule anayenusurika apunguze kasi ya maisha yake, na katika hali hiyo antibayotiki hazimuui. Ni kama mwizi aliyepigwa virungu akalala kimya kama maiti. Mnaondoka, anaamka.

Ongeza na haya. Penisilini haiingii vizuri ndani ya chembe, na stafilo amejificha humo. Haipenyi vizuri kwenye kovu. Na stafilo wengine wana kimeng'enya cha kuivunja penisilini yenyewe, huo ndio usugu tunaousema kila siku. Kwa hiyo mdudu anaweza kuwa hana usugu wowote kwenye karatasi ya maabara, dawa ikaonekana inafanya kazi, na bado ng'ombe asipone. Hapo ndipo wafugaji wanapotuona sisi maafisa ni waongo.

Basi unaponiomba dawa kali zaidi, tatizo siyo ukali. Ukihama kutoka tyubu hii kwenda ile, kutoka ile kwenda sindano, unamwaga maziwa ya siku kadhaa kila mara, unatumia hela, na unawafundisha usugu wadudu wengine waliokuwa wanyonge. Stafilo wako kwenye kovu hajaguswa.

Kosa langu

Sasa niseme ninachoona aibu kukisema. Kwa miaka mingi ushauri wangu ulikuwa huu: tibu, rudia, badilisha dawa, na ikishindikana kabisa "mpeleke mnadani". Nilisema hivyo kwa watu wengi, na nilijiona nimewasaidia.

Mwaka mmoja niliitwa kwa mzee wa kijiji kingine. Alikuwa na ng'ombe wake wawili kwa miaka, hawana shida, halafu ghafla wote wana mabonge. Nikauliza kama kuna mgeni bandani. Akanionyesha wa tatu, aliyemnunua miezi minne nyuma kwa pesa ya pamba na mkopo kidogo. Nikasoma hereni ya sikioni. Nikatazama lile doa jeupe begani. Nilikuwa namjua ng'ombe yule. Nilishamtia tyubu mimi mwenyewe mara nne, kwa mfugaji wa kwangu, nikamwambia auze.

Siku ya mnada kiwele kilikuwa kinaonekana kizuri. Stafilo ana siku za kujitokeza na siku za kujificha, hata sampuli moja ya maziwa inaweza kutoka safi. Aliyeuza hakudanganya, hakuulizwa. Dalali hakujua. Mzee alikamua ng'ombe watatu kwa mikono ile ile na kitambaa kile kile, mgeni akiwa wa kwanza kwa sababu ndiye mwenye maziwa mengi. Hivyo ndivyo mdudu alivyohama. Stafilo haruki hewani kutoka kiwele hadi kiwele. Anabebwa na mikono ya mkamuaji, kitambaa na mashine.

Yule mzee aliniuliza, "Sasa daktari, nimkosee nani?" Sikuwa na jibu. Nililo nalo leo ni msimamo: ng'ombe mwenye stafilo sugu asiuzwe kwa mfugaji mwingine. Akiuzwa, auzwe kwa nyama, baada ya siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye dawa kuisha, na anayemnunua aambiwe hivyo waziwazi. Kumpeleka mnadani kama ng'ombe wa maziwa ni kumhamishia jirani msiba.

Na hili linawahusu zaidi vikundi vya kopa ng'ombe lipa ndama. Mnakagua miguu, mnakagua meno, mnasherehekea makabidhiano. Pimeni na kiwele cha mama yake. Ndama aliyenyweshwa maziwa ya mabonge kisha akawanyonya wenzake anaweza kuwaachia ugonjwa kabla hata hawajawa mitamba.

"Wewe una mshahara"

Najua mnachosema, maana nimeambiwa usoni: "Wewe una mshahara, ndiyo maana unaona rahisi kuchinja." Ni kweli. Ng'ombe mmoja kwenye nyumba ya ng'ombe wawili ni nusu ya maisha, na bei ya nyama haifiki bei ya ng'ombe wa maziwa. Kwa hiyo sisemi kila mwenye mabonge achinjwe. Nasema tuache kutibu kwa kubahatisha, tuamue kwa ngazi.

Kwanza, jua ni nani. Ugonjwa wa kiwele siyo mmoja. Kuna streptokokasi wanaosikia penisilini vizuri sana. Kuna wa kwenye kinyesi wanaokuja kwa ghafla na homa kali. Mabonge yakitokea mara ya pili chuchu ile ile, tupeleke maziwa maabara ya veterinari ya kanda kabla ya tyubu nyingine. Gharama ipo, lakini ilinganishe na tyubu tatu na maziwa ya kumwaga.

Pili, kama ni stafilo na ng'ombe ni wa uzao wa kwanza, chuchu moja, ugonjwa mpya, tibu kwa nguvu zote na maliza dozi. Huyu ana nafasi ya kupona. Wengi mnaacha siku ya pili kwa sababu maziwa yamesafika. Kumbuka yule mwizi aliyelala.

Tatu, kama amerudia na ni ng'ombe wa siku nyingi, nafasi nzuri ni wakati wa kumkausha, ile miezi miwili kabla ya kuzaa, kwa tyubu maalumu ya kukaushia inayokaa muda mrefu. Kuna sababu nyingine ya kupenda wakati huo. Kwenye maziwa mengi askari wanameza mafuta na protini ya maziwa badala ya adui, wanashiba na kuchoka. Kiwele kikikauka, maziwa yanapungua na askari wanafanya kazi vizuri zaidi.

Nne, vinundu vigumu, chuchu mbili au zaidi, amerudia baada ya kukaushwa kwa dawa: hapo tukae chini tuongee habari ya kumwondoa. Kama huwezi leo, basi chuchu hiyo iachwe ikauke kabisa, zikamuliwe tatu, na yeye awe wa mwisho kukamuliwa kila siku mpaka mtamba wako azae.

Wape askari silaha, mzuie adui mlangoni

Zile kemikali ni hatari hata kwa askari anayezitengeneza, naye anahitaji kinga isimuunguze. Kinga hiyo inategemea madini ya seleniamu na vitamini E. Ng'ombe aliyepungukiwa navyo ana askari dhaifu na anaugua kiwele zaidi. Vitamini E ipo kwenye majani mabichi. Kwenye mabua makavu ya kiangazi imepungua sana. Seleniamu mwekee kwa jiwe la kulamba lililoandikwa kuwa linayo. Usimdunge sindano ya seleniamu kwa kukisia, ikizidi ni sumu.

Na mlangoni ni haya, na hayana gharama kubwa:

- Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kila ng'ombe, siyo mara moja asubuhi.
- Kila ng'ombe na kitambaa chake. Kitambaa kimoja kwa banda zima ni basi la kubebea stafilo.
- Kamua matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi utazame mabonge, usiyamwage sakafuni.
- Ukimaliza, chovya kila chuchu kwenye dawa ya ayodini. Tundu la chuchu linabaki wazi kwa muda baada ya kukamua, kwa hiyo mpe majani asimame kwanza, asilale kwenye tope.
- Anza na mitamba iliyozaa mara ya kwanza, malizia na mgonjwa.
- Kabla ya kununua ng'ombe, pima CMT chuchu zote nne mbele ya muuzaji. Akikataa, umeshapata majibu.

Jambo moja la jikoni. Wapo wanaosema, "Maziwa ya mabonge tutachemsha, watoto watakunywa." Kuchemsha kunamuua stafilo, lakini akiwa ameshazaliana kwenye maziwa yaliyokaa na joto anaweza kuwa ameacha sumu isiyoharibiwa na kuchemsha. Ndiyo ile ya kutapika saa chache baada ya kunywa. Maziwa ya mabonge ni ya kumwaga, hata ikiuma.

Yule mama

Tulikaa naye juu ya ndoo zilizopinduliwa, tukapanga. Maabara walisema ni stafilo. Vinundu viwili nilivigusa mwenyewe, na yeye nikamwekea mkono avisikie. Chuchu ile tumeiacha ikauke. Ng'ombe anakamuliwa wa mwisho, na binti yake ndiye msimamizi wa vitambaa. Akimaliza uzao huu atamtia tyubu za kukaushia, na vinundu visipopungua ataenda machinjioni. Mtamba wake ana mimba ya miezi mitano, ndiyo maana tuna muda wa kusubiri.

Kabla sijaondoka jirani yake alipita akasema kuna mtu anamtafuta ng'ombe wa maziwa na pesa iko mkononi. Mama alinitazama. Sikusema neno, siyo ng'ombe wangu. Akamjibu jirani, "Huyu siyo wa kuuza, ana ugonjwa." Pesa ile ingelipa ada ya muhula mzima, na sote watatu tulijua.

Kwa hiyo ukinipigia alfajiri, nipigie, ndiyo kazi yangu. Ila usianze na "dawa kali". Anza kuniambia amerudia mara ngapi, chuchu ipi, ana uzao wa ngapi, na nani anakamuliwa kabla yake.

Kazi njema, na mikono iwe safi.